Kuteka Maji Kisimani: Maneno kwa Waanzao Sala ya Kimya

Wasikilizaji wetu, jioni hii twataka kusema na wale walioanza kusali kimya, pasipo maneno mengi, kisha wakaacha kwa kuwa fikira zao hazitulii. Mtu huketi, akafumba macho, akamwelekea Mungu; mara yuko shambani, au anahesabu deni lake. Ndipo husema, “Kazi hii ni ya watawa, si yangu.”

Basi na tumtazame mtawa mmoja. Teresa wa Avila, katika nchi ya Hispania, alizaliwa mwaka 1515, akaingia nyumba ya Wakarmeli mwaka 1535. Katika kitabu cha maisha yake aeleza ya kuwa kwa miaka 18 hakuthubutu kuianza sala hii bila kitabu mkononi, isipokuwa baada ya kupokea Komunyo. Pengine alikifungua tu, na fikira zikatulia. Tena ilikuwako miaka ambayo alitega sikio asikie saa ikigonga, apate kuondoka. Na huyu ndiye mwanamke wa kwanza kutangazwa Mwalimu wa Kanisa, mwaka 1970!

Teresa aifananisha roho na bustani, na sala na maji. Bustani yaweza kunyweshwa kwa njia nne: kwa ndoo kutoka kisimani, kwa gurudumu la kuvutia maji, kwa mfereji utokao mtoni, au kwa mvua, ambayo mtu haifanyii kazi yo yote. Anayeanza ni mteka maji kwa ndoo. Njia hiyo ndiyo nzito kuliko zote, na aliyepata kuvuta kamba ndefu wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa na sisi. Fikira zikipotea, kamba imeteleza mkononi, wala haikukatika. Ishike tena. Hata ukiishika mara ishirini katika robo saa, umesali.

Na kisima kikikauka je? Teresa hakulificha jambo hili. Asema mtunza bustani na ateremshe ndoo vivyo hivyo, afanye sehemu yake, naye Mwenye bustani aweza kuyalinda maua pasipo maji.

Kwa hiyo twashauri hivi. Chagueni saa moja na mahali pamoja. Robo saa yatosha kwa mwanzo. Someni kisa kimoja kifupi cha Injili, polepole, mkome panapowagusa. Msitafute mawazo makubwa. Mkae tu karibu na Bwana katika kisa hicho. Fikira zikienda, msizikemee, bali zirudisheni taratibu. Zikikataa, fungueni kitabu tena, maana hata Teresa alifanya hivyo.

Asiyejua aanzie wapi, na aanze Gethsemane. Kabla hajawa mtawa, Teresa alizoea usiku, alipokuwa karibu kulala, kumfikiri Bwana akisali peke yake katika bustani ile, na desturi hiyo aliishika miaka mingi.