Pancha katika Baiskeli ya Umeme

Somo lililosomwa katika radio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Leo naomba kila darasa liwe na tairi kuukuu la baiskeli, mpira wake wa ndani, na kipande cha chaki. Kama tairi halikupatikana, baiskeli ya mmoja wenu na iingizwe ndani, iegemezwe ukutani mahali ambapo kila mtu ataiona.

Somo letu ni juu ya baiskeli ya umeme, na hasa juu ya jambo ambalo wauzaji wengi hawaligusi siku ya kununua, yaani pancha.

Baiskeli ya umeme ni baiskeli kama nyingine. Ina pedali, cheni, breki na magurudumu mawili. Vilivyoongezwa ni betri, mota na nyaya zinazoviunganisha viwili hivyo. Ukikanyaga, mota hukusaidia. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria inasema mota ya baiskeli ya namna hii isizidi nguvu ya wati 250, na iache kusaidia mwendo unapofika kilometa 25 kwa saa. Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1895 Mmarekani mmoja, Ogden Bolton, alipewa hati ya uvumbuzi wa baiskeli yenye mota ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Hata leo baiskeli nyingi za umeme mota yake iko hapo hapo, na hapo ndipo shida yetu ya leo inapoanzia.

Mwaka jana nilizuru darasa moja mkoani Dodoma. Katika darasa hilo yumo mama wa makamo ambaye hupeleka maziwa mjini kila alfajiri kwa baiskeli ya umeme, aliyoinunua kwa mkopo wa kikundi chao. Siku moja gurudumu la nyuma lilipata pancha. Akaisukuma mpaka kwa fundi aliye chini ya mti. Fundi yule ni kijana hodari, ameziba pancha tangu utoto wake, lakini gurudumu lenye mota ndani hakuwa amepata kuliona. Akafungua nati mbili, akalivuta gurudumu kama alivyozoea. Waya ukakatika pale unapoingia katika ekseli.

"Mama, kumbe kulikuwa na waya?" akauliza.

"Ulikuwapo, mwanangu," akajibu mama. "Nami kila siku nauona, ila sikujua kazi yake."

Pancha ilizibwa kwa muda mfupi na kwa fedha kidogo. Lakini baiskeli ilikaa wiki sita bila mota, na mkopo haukungoja. Mama alikanyaga kwa miguu yake, na madumu ya maziwa nyuma, na uzito wa mota na betri juu yake, ambao kwa kawaida ni kilo 5 au zaidi.

Sasa sikilizeni neno ambalo ningependa mwalimu aliandike ubaoni: PANCHA HUZIBWA GURUDUMU LIKIWA MAHALI PAKE. Pancha nyingi za mwiba au msumari hazihitaji nati hata moja kufunguliwa. Mafundi wengi wa vijijini wanaijua njia hii, ingawa wengine huiona kama kazi ya ovyo. Kwa baiskeli ya umeme ndiyo kazi yenyewe hasa.

Kwanza zima umeme, kisha ondoa betri kabisa. Ukiiacha, mtu akigusa swichi bila kukusudia gurudumu laweza kuzunguka na vidole vyako vimo kati ya spoku. Baadaye ilaze baiskeli. Desturi yetu ni kuipindua, kiti na usukani vikae chini. Lakini baiskeli hii ina kioo kidogo cha namba juu ya usukani, na ukikiegemeza juu ya mawe kitavunjika. Tafuta mchanga au majani, au kunja gunia uliweke chini ya usukani. Waweza pia kuilaza ubavu, upande usio na cheni.

Zungusha gurudumu polepole, ulitazame tairi. Ukiuona mwiba, usiuchomoe upesi. Mwiba ni shahidi, na shahidi hafukuzwi kabla ya kuhojiwa. Piga alama ya chaki ubavuni mwa tairi, mkabala na mwiba, ndipo uuchomoe. Kama huoni kitu, jaza upepo kidogo, uweke sikio karibu na tairi.

Sasa toa upepo wote. Minya tairi pande zote mbili kwa vidole gumba, ili kingo zake zishuke katikati ya rimu, mahali penye mfereji. Tairi hulegea hapo, na watu wasiolijua hili hutumia nguvu za bure. Toa ukingo wa upande mmoja tu, karibu na alama yako, kwa vile vijiti bapa vya kutolea tairi. Usitumie bisibisi, maana bisibisi hutoboa matundu mawili ukiziba moja. Vuta nje mpira wa ndani kiasi cha shubiri moja au mbili. Tundu litajionyesha ukijaza upepo kidogo na kupaka mate. Paukushe kwa msasa, upake gundi, kisha ngoja.

Nasema ngoja. Mafundi wenye haraka huharibu kazi hapa. Gundi ya kiraka si gundi ya bahasha. Yapasa ikauke mpaka ising'ae tena, kiasi cha dakika 5, ndipo ubandike kiraka na kukikandamiza kwa nguvu kutoka katikati kwenda kingoni. Kiraka kilichobandikwa juu ya gundi mbichi kitafunguka njiani, tena jua likiwa kali.

Kabla ya kurudisha mpira, pitisha kitambaa ndani ya tairi. Palipo na ncha ya mwiba kitambaa kitanasa. Ukiacha ncha ile ndani, utakuwa na pancha nyingine kabla ya kufika nyumbani, nawe utamlaumu aliyekuuzia kiraka. Kisha rudisha ukingo wa tairi kwa mikono, ukimalizia penye valvu.

Hata urahisi huu wa kutoa tairi ulitafutwa na watu. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekaa Belfast, alipotengeneza tairi lake la upepo mwaka 1888, tairi lile liligundishwa juu ya gurudumu, na kuziba pancha ilikuwa kazi ya saa nyingi. Ndugu wawili wa Kifaransa, André na Édouard Michelin, wakatengeneza tairi la kutolewa na kurudishwa. Mwaka 1891 Charles Terront alishinda kwa tairi hilo mashindano ya kutoka Paris mpaka Brest na kurudi, mwendo wa kilometa zipatazo 1,200. Alipata pancha njiani kama wengine, lakini hazikumzuia sana.

Turudi kwenye tundu. Tundu linasomeka kama barua. Tundu moja dogo, upande unaogusa barabara, limeletwa na mwiba au msumari. Matundu mawili madogo yaliyokaa ubavu kwa ubavu, kama alama ya meno ya nyoka, hayakuletwa na mwiba wowote. Hayo ni kwa sababu upepo ulikuwa mdogo, ukagonga jiwe au ukingo wa shimo, na mpira ukabanwa kati ya jiwe na rimu. Katika baiskeli ya umeme alama hii huonekana mara nyingi nyuma, kwa maana uzito wa mota uko huko na mwendo ni wa kasi. Dawa yake ni pampu. Na kama tundu liko upande wa ndani, unaogusa rimu, lizibe, lakini tazama pia utepe unaofunika vichwa vya spoku. Labda umesogea au umechakaa. Usipoutengeneza, kiraka chako ni kazi bure.

Haya, shikeni lile tairi la darasani. Mmoja wenu asome maandishi yaliyo ubavuni. Mtaona namba mbili zilizounganishwa kwa kistari, kwa mfano 28-622. Namba ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa juu ya rimu, nacho pia ni kwa milimita. Someni tena, polepole. Watu wengi hupoteza fedha kwa sababu ya namba ya pili. Baiskeli zetu kubwa nyeusi za mizigo, zile ambazo dukani huitwa "ishirini na nane," nyingi zina namba 635. Baiskeli ya umeme ya barabara ya lami, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume na matairi membamba, nayo huitwa "ishirini na nane" na wengine, lakini namba yake ni 622. Tofauti ni milimita 13 tu. Hata hivyo, tairi la moja halitakaa katika nyingine. Basi ukienda dukani usitaje jina tu. Andika namba zote mbili katika karatasi, umpe muuzaji karatasi, na atakacholeta ukisome mwenyewe kabla ya kulipa.

Ubavuni pia kuna herufi tatu, PSI, na namba karibu nazo. Hiki ni kipimo cha upepo, na namba kubwa ni mpaka usioruhusiwa kuvukwa. Tairi jembamba la milimita 28 hutaka upepo mwingi, pengine kufika 80. Tairi nene la milimita 47 laweza kuridhika na 50. Kuminya kwa kidole gumba si kipimo; tairi jembamba hujifanya gumu hata likiwa na njaa. Tafuteni pampu yenye saa ya kupimia. Darasa zima laweza kununua moja. Tena tairi jembamba hupoteza upepo lenyewe, bila tundu, kwa hiyo litazame kila wiki.

Valvu nazo zina tofauti. Baiskeli nyingi za umeme zina valvu nene kama ya gari, na hizo hujazwa penye pampu yoyote ya gari. Baiskeli nyembamba za lami huwa na valvu nyembamba yenye kinati kidogo kichwani. Legeza kinati hicho kwanza, la sivyo utapiga pampu mpaka jioni bila upepo kuingia. Kuna kipande kidogo cha shaba cha kuiunganisha na pampu ya gari, nacho hakilemei mfuko hata kidogo. Kifungeni katika ufunguo wa nyumba.

Mbigili na miiba ya mgunga haitaondoka kwa sababu ya somo letu. Kuna maji mazito ya kutia ndani ya mpira, ambayo huziba matundu madogo yenyewe. Ni kitu kizuri kwa nchi ya miiba, ila hukauka baada ya miezi kadhaa, wala hayazibi mpasuko. Kuna pia matairi yenye tabaka nene ndani. Ni mazito, nayo hupunguza kidogo mwendo ambao betri moja inakupa. Kwa mtu wa maziwa, au muuguzi anayezunguka vijijini, mimi ningechagua tairi zito.

Kama pancha imekupata mbali, usipande juu na kuwasha mota ukisema utafika hivyo hivyo. Mota hulizungusha gurudumu kwa nguvu, tairi lisilo na upepo huteleza juu ya rimu, na mpira ulio ndani huvutwa mpaka shina la valvu ling'oke. Tundu la hapo halizibiki kwa kiraka. Sukuma.

Iko siku gurudumu litatolewa tu, mathalan tairi limepasuka. Siku hiyo ufuate waya kwa jicho kutoka kwenye ekseli mpaka uone mahali unapounganishwa. Mara nyingi pana kiungio cha kuvutwa kikiwa kimenyooka, bila kuzungushwa. Kitenganishe hicho kwanza. Kabla ya kufungua nati, ambazo katika mota nyingi za nyuma hutaka spana namba 18, piga picha kwa simu au chora katika daftari jinsi vibati vilivyopangwa. Kimoja kina jino linalozuia ekseli isizunguke. Kikirudishwa vibaya, ekseli itazunguka siku mota itakapovuta kwa nguvu, na waya utasokotwa mpaka ukatike. Mwenye baiskeli asimame karibu na fundi muda wote huo. Amwambie kwa adabu, "Fundi, samahani, waya huu tuufungue kwanza." Fundi mwenye akili hatachukia. Lakini kama mota yako iko katikati, penye pedali, gurudumu la nyuma hutoka kama la baiskeli nyingine, nawe huna haja ya maneno hayo.

Kwa juma lijalo, kila mwanafunzi aende penye baiskeli yoyote, yake au ya jirani, aandike namba mbili za tairi na namba iliyo karibu na herufi PSI. Mwalimu ataziandika ubaoni, nanyi mtatazama ni nani na nani wanaoweza kuazimana tairi, na ni nani hawezi. Wenye mpira wa ndani wenye matundu wasiutupe. Leteni, tupate cha kusoma.

Kwaherini.