Pampu ya Oili ya Mashine ya Boti: Ifungwe au Iachwe?



Katika visiwa vya Lamu, mashine ya boti ndiyo matatu, ndiyo ambulensi, ndiyo jembe. Mvuvi wa Kizingitini na mgonjwa anayevushwa kwenda Mokowe wote wanaitegemea. Mashine ikikwama nje ya mwamba wakati wa kusi, linalopotea si samaki wa siku ile tu. Ndiyo maana suala la pampu ya oili halifai kuamuliwa kwa uvumi wa bandarini.

Mashine ya stroki mbili haina oili yake kando kama gari. Oili huingia pamoja na petroli, hulainisha pistoni na beringi, kisha huungua. Zipo njia mbili za kuifikisha ndani. Ya kwanza ni kuchanganya kwa mkono kwenye mtungi. Ya pili ni pampu inayovuta oili kutoka kwenye tangi lake. Mashine za Johnson na Evinrude zilianza kuja na pampu ya aina hiyo, iliyoitwa VRO, mwaka wa 1984, na watengenezaji wengine wana mifumo yao. Faida yake ni kwamba mashine ikienda polepole pampu hutoa oili kidogo, na ikienda kasi huongeza. Moshi hupungua, plagi hazichafuki upesi, na oili haipotei bure.

Hofu ya wengi ni kwamba pampu ikifa, pistoni hukwama kabla nahodha hajajua. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu kwenye mashine nyingi za zamani kengele hulia oili inapopungua tangini. Tangi likiwa limejaa lakini pampu haisukumi, kengele inaweza kunyamaza. Hata hivyo, kuchanganya kwa mkono nako kuna hatari yake. Kijana mmoja akitia petroli tupu kwa haraka ya alfajiri, mashine hufa vilevile.

Basi la kwanza ni kupima, si kukata. Mwenye mashine achanganye petroli na oili kwenye mtungi kana kwamba pampu haipo, lakini aiache pampu ikiendelea kufanya kazi. Hivyo mashine iko salama hata kama pampu imekufa, ingawa moshi utazidi. Atie alama kwenye tangi la oili, na kama mashine ina matangi mawili ya oili, yote mawili. Atumie karibu lita 40 za petroli kisha aangalie alama. Oili isiposhuka kabisa, pampu haifanyi kazi. Ikishuka, fundi alinganishe kiasi hicho na kitabu cha mashine.

Mara nyingi ubovu si wa pampu yenyewe. Mipira ya zamani hupasuka na kuingiza hewa, chujio huziba, na maji hukaa chini ya tangi. Hayo hurekebishwa kwa gharama ndogo. Pampu nzima yenye kipimo sahihi haina sababu ya kuondolewa.

Kufunga kuna maana pale pampu imekufa na kipuri hakipatikani, au bei yake haiendani na thamani ya mashine. Hapo fundi azingatie mambo manne.

Kwanza, ajue aina ya mashine. Zile zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa kompyuta zisiguswe, kwa kuwa petroli yake haipiti kwenye beringi za chini. Hata ikichanganywa na oili, beringi zitakauka.

Pili, pampu inayozungushwa na gia za mashine isiachwe ikizunguka bila oili. Itolewe, na tundu lake lizibwe kwa kifuniko kinachofaa. Ile ya VRO husukuma petroli pia, kwa hiyo hufungwa upande wa oili tu.

Tatu, kila tundu mpira wa oili ulipotolewa lizibwe barabara. Likiachwa wazi, hewa huingia, mchanganyiko unakuwa mwepesi na pistoni huungua.

Nne, kengele isinyamazishwe. Kwenye mashine nyingi, kengele hiyohiyo ndiyo hulia mashine inapopata joto. Fundi aondoe waya wa tangi la oili pekee.

Baada ya hapo, kila tone la petroli lichanganywe. Kipimo cha mashine nyingi ni 50 kwa 1, lakini kitabu cha mashine ndicho cha kufuatwa. Kwa kipimo hicho, lita 10 za petroli huchukua mililita 200 za oili, lita 20 huchukua 400, na lita 50 huchukua lita 1. Oili iwe ya mashine za boti, yenye alama TC-W3, si oili ya injini ya gari. Itumike chupa yenye vipimo, isiwe kukisia kwa macho.

Mitungi ya mchanganyiko iandikwe kwa rangi isiyofutika, na maandishi yawekwe kwenye mashine yenyewe: PAMPU IMEFUNGWA, CHANGANYA OILI. Kila mwendeshaji na msaidizi aelezwe. Boti ikiuzwa, mnunuzi aambiwe kabla ya kulipa. Safari ya kwanza iwe karibu na pwani, bila abiria.

Kwa ufupi, mwenye pampu nzima aitunze, na mwenye pampu iliyokufa aifunge kikamilifu. Pampu iliyofungwa nusu ndiyo hatari kuliko zote, kwa kuwa kila mmoja baharini hudhani mwenzake ameshatia oili.