Seva zibaki au zihame? Maswali ya mkazi kuhusu mifumo ya kaunti

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa teknolojia ya habari na wakazi na wafanyabiashara wa Kangemi, Westlands na Kawangware.



Sijaja kuwatangazia uamuzi wowote. Nimekuja kueleza jambo ambalo mara nyingi huachiwa mafundi peke yao: je, mifumo ya kompyuta inayohudumia umma ibaki kwenye seva ambazo taasisi inazimiliki, au ihamie kwenye seva za kukodi, zile zinazoitwa wingu la umma?

Mtaniuliza, mwuza mboga wa Kangemi na seva wapi na wapi? Yanakuhusu siku unaposimama dirishani kulipia leseni ya biashara ukaambiwa, "Mfumo umeanguka, rudi kesho." Yanamhusu mama aliye na mtoto mgongoni na faili ya kliniki haifunguki. Yanamhusu pia kila anayelipa kodi ya ardhi, kwa sababu gharama ya mifumo hiyo hutoka mfukoni mwake.

Tuanze na jambo tunalolijua. Ploti ni jengo moja lililogawanywa vyumba, kila mpangaji na mlango wake. Seva za taasisi nyingi zimepangwa hivyo. Mashine moja kubwa inagawanywa kwa programu maalumu ifanye kazi kama kompyuta kumi au ishirini: moja ya mishahara, moja ya risiti, moja ya barua pepe. Kompyuta hizo za ndani huitwa mashine pepe. Taasisi ikilitumia jengo zima peke yake, hilo ni wingu la kibinafsi. Ile programu inayogawa vyumba ndiyo keateka. Akikosekana, hakuna mlango unaofunguka.

Wingu la umma ni kama chumba cha hoteli. Huna jengo, huna jenereta, huna mlinzi. Unalipia saa ulizotumia. Ukisahau kurudisha ufunguo, unaendelea kulipa.

Kwa nini mazungumzo haya yamekuja sasa? Novemba 2023 kampuni ya Marekani iitwayo Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware, mmoja wa hao makeateka wanaotumiwa sana duniani. Mwezi uliofuata iliacha kuuza leseni za kudumu. Aliyezoea kununua mara moja, kisha kulipia matengenezo tu, sasa hana budi kulipia kila kipindi. Kwa hiyo taasisi nyingi, za umma na za kibiashara, zimelazimika kupiga hesabu upya.

Njia ni nne hivi. Ya kwanza ni kubaki ulipo na kulipa bei mpya. Ya pili ni kubaki na jengo lako lakini kubadilisha keateka. Zipo programu huria kama KVM na Proxmox, ambazo hazidai leseni ya kununua lakini zinahitaji mafundi wanaozielewa vizuri. Ya tatu ni kuhamisha mashine pepe kama zilivyo hadi wingu la umma. Ya nne ni kuiandika upya programu ili ilifae wingu, kazi inayoweza kuchukua miaka.

Njia ya tatu ndiyo huwavutia wengi kwa kuwa ni ya haraka. Hapo ndipo hesabu huharibika. Tuseme kuna mashine ya ofisi inayotumika saa 10 kwa siku, siku 22 kwa mwezi. Hizo ni saa 220. Lakini mwezi una saa 730 hivi. Ukiihamisha kama ilivyo na kuiacha ikiwaka usiku na Jumapili, zaidi ya theluthi mbili ya saa utakazolipia hazina mtu anayefanya kazi. Nyumbani kwako hilo huligundui, maana mashine umeshainunua.

La pili ni dola. Bili za kampuni kubwa za wingu kwa kawaida hupangwa kwa dola, ilhali bajeti ya kaunti ni ya shilingi. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Baadaye mwaka huo huo ikashuka hadi karibu 130. Bili ya dola 10,000 ilikuwa shilingi milioni 1.6 kisha ikawa milioni 1.3, na hakuna hata seva moja iliyoongezwa wala kupunguzwa. Bajeti ikishapitishwa na Bunge la Kaunti, tofauti kama hiyo italipwa kwa fungu gani?

La tatu ni gharama ya kutoka. Mara nyingi kuingiza data kwenye wingu ni bure, lakini kuitoa hulipiwa. Tangu ugatuzi uanze 2013, jiji hili limebadilisha mfumo wa kukusanya mapato zaidi ya mara moja. Kwa hiyo nasema hivi: mkataba usiosema tutaondokaje na data yetu, kwa muda gani na kwa bei gani, bado haujawa tayari kutiwa sahihi.

Wengine husema, basi tubaki nyumbani, nyumbani ni salama. Mnakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia giza? Seva iliyo katika chumba cha ofisi huishi kwa jenereta, na jenereta huishi kwa dizeli ambayo lazima mtu awe ameinunua. Wengine husema, basi twende nje. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ikawa ya kusuasua Afrika Mashariki. Vituo kamili vya Amazon, Microsoft na Google vilivyofunguliwa barani kusini mwa Sahara viko Afrika Kusini. Aliyekuwa ameweka kila kitu mbali alitegemea waya asiouona. Na Julai 2023 huduma za eCitizen zililemewa kwa makusudi na wavamizi wa mitandao. Kila mahali pana hatari yake.

Sheria nayo imesema. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Kanuni zake za Jumla za 2021. Kanuni ya 26 inataka data za watu zinazohusu baadhi ya huduma nyeti zichakatwe katika seva zilizoko Kenya, au angalau nakala moja inayotumika iwekwe humu nchini. Miongoni mwa huduma hizo ni mifumo ya fedha za umma, matibabu ya msingi na ya ngazi inayofuata, na elimu kuanzia ya watoto wadogo. Sasa tazameni Jedwali la Nne la Katiba: hospitali na zahanati za kaunti, chekechea, leseni za biashara. Sehemu kubwa ya kazi za kaunti inaguswa. Kukodi seva hakukatazwi, na kukodi si lazima uvuke mpaka. Vipo vituo vya data vya kukodisha humu Nairobi, na serikali kuu ina kituo chake Konza.

Niwape kisa kimoja. Kabla ya kazi hii nilikuwa fundi katika taasisi moja ambayo sitaitaja. Kila asubuhi taa ya nakala ya akiba ilikuwa kijani, nasi tukaamini. Siku diski ilipokufa tulifungua ile nakala, tukakuta folda tupu. Tulikaa majuma matatu tukiingiza risiti upya kutoka kwenye vitabu vya karatasi. Wateja waliokuwa wamelipa waliambiwa walete ushahidi. Mzee mmoja alileta risiti yake ikiwa imekunjwa ndani ya kitambulisho, imefifia, haisomeki. Alikuwa amelipa, nasi hatukuweza kumthibitishia. Tangu siku hiyo sijauliza tena tu kama nakala ipo. Nauliza ilijaribiwa kufunguliwa lini.

Maoni yangu ni kwamba mifumo isihamishwe yote kwa mkupuo, wala isikataliwe yote. Tovuti ya matangazo na fomu zisizo na siri zinaweza kukodishiwa nafasi popote penye bei nzuri. Mfumo unaoelemewa msimu mmoja wa mwaka, kama wakati wa kulipia leseni, unafaa wingu, mradi upunguzwe msimu ukipita. Rekodi za wagonjwa, za watoto na za mapato zibaki nchini, zikiwa na nakala ya pili katika jengo jingine. Na mfumo usiotumiwa na mtu uzimwe kabla ya kuuhamisha. Hakuna haja ya kukodi gari la kubeba takataka hadi nyumba mpya.

Kwa hiyo mtakapoitwa kwenye kikao cha bajeti, ulizeni maswali manne. Gharama ya miaka mitano ni kiasi gani, si ya mwaka wa kwanza tu, na imehesabiwa kwa dola ya shilingi ngapi? Data yetu italala wapi? Tukiachana na kampuni hiyo, tutaitoaje? Na mara ya mwisho nakala ya akiba kujaribiwa ilikuwa lini, na huduma ilirudi baada ya saa ngapi?

Si lazima ujue kompyuta ili uulize hayo. Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa wazi na wenye kulingana na gharama. Afisa akikujibu kwa maneno usiyoyaelewa, mwambie arudie kwa Kiswahili. Na mimi nikiwemo.

Sasa nitasikiliza maswali yenu.