Anayembeba Mwenziwe Naye Abebwe

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei



Sisi wa parokia za chini ya Mlima Kenya huutazama mlima huu kila asubuhi mawingu yanapofunguka. Kwetu ni chanzo cha mito, na kwa vijana wetu wengi ni chanzo cha riziki, kwa kuwa huwaongoza wageni na kuwabebea mizigo. Lakini mlima huchukua pia maisha ya watu. Leo tunawatafakari wale wanaojitolea kuwatafuta waliopotea na kuwateremsha walioumia, pamoja na wajibu wetu kwao.

Kazi hii si ngeni katika Kanisa. Katika karne ya 11 Mtakatifu Bernardo wa Menthon alianzisha nyumba ya wageni katika njia ya milima ya Alps, kwenye kimo cha mita 2,469, na kwa karne nyingi watawa wake waliwatafuta wasafiri waliofunikwa na theluji. Mwaka 1923 Papa Pio XI, aliyekuwa mwenyewe mpanda milima, alimtangaza kuwa msimamizi wa wapanda milima.

Nasi tunao mfano wetu. Mnamo Septemba 1970 madaktari wawili Waaustria walikuwa karibu na Batian, kilele chenye kimo cha mita 5,199. Jiwe likabanduka, na Gert Judmaier akaanguka na kuvunjika mguu vibaya. Mwenzake, Oswald Oelz, alimhudumia, akateremka kuomba msaada, kisha akapanda tena kwake. Watu wa kujitolea kutoka chama cha wapanda milima cha Kenya waliacha shughuli zao wakapanda kumsaidia. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, alikufa helikopta yake ilipoanguka katika kazi hiyo. Hatimaye waokoaji waliwasili kwa ndege kutoka Innsbruck, na majeruhi akateremshwa akiwa hai baada ya zaidi ya siku saba.

Tunajifunza nini?

Kwanza, moyo pekee hautoshi. Katika kimo kile hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani. Anayepanda kwa haraka huweza kujaa maji mapafuni au kuvimba ubongo, na hana budi kuteremshwa mapema. Kumbeba mtu kwa machela usiku, juu ya mawe na barafu, kunahitaji watu wengi wa kupokezana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Naye asiyefundishwa huweza kuwa majeruhi wa pili.

Pili, uhai hauna daraja. Judmaier alitafutwa na watu wa mataifa mbalimbali, na ilikuwa haki. Basi mpagazi wetu anayezidiwa na baridi kwa kukosa koti atafutwe kwa bidii ile ile. Yule mchungaji wa Injili ya Mathayo, sura ya 18, aliyewaacha tisini na tisa mlimani, hakuuliza kwanza thamani ya yule mmoja aliyepotea.

Tatu, sadaka ya mmoja isiwe kisingizio cha mwingine. Mwajiri anayewapandisha wapagazi bila mavazi, chakula na malazi ya kutosha, huku akitegemea wenye huruma wawaokoe, anatenda dhuluma. Tumezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Msemo huo tusiutumie kufunika uzembe.

Nne, anayembeba mwenziwe naye abebwe. Akikaa mlimani siku tatu, shamba lake halipaliliwi na kibarua chake hakilipwi. Akiumia, watoto wake watakula nini? Tunamshangilia kanisani kwa vigelegele, naye anarudi nyumbani na viatu vilivyochanika. Je, hiyo ndiyo shukrani?

Kwa hiyo tunapendekeza kila parokia iwafahamu watu wake wanaojitolea, na iwatafutie mafunzo ya huduma ya kwanza. Wasipande kwa papara, bali chini ya uongozi wa askari wa hifadhi. Jumuiya ndogo ndogo zianzishe mfuko wa kununua kamba, mablanketi na viatu, na wa kuzisaidia familia zao wanapoumia. Na kila apandaye ajiandikishe langoni, aeleze njia yake na siku ya kurudi, ili wanaomtafuta wasihatarishe maisha yao bure.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya:

1. Ni nani kati yetu amewahi kwenda kumtafuta aliyepotea mlimani? Tulimsaidiaje aliporudi?

2. Wapagazi wa parokia yetu wanapewa nini na waajiri wao kabla ya kupanda? Nani atawasemea?

3. Jumuiya yetu inaweza kutoa nini mwezi huu?

Ndugu zetu, wema hauozi, lakini mwenye kuutenda huchoka. Tusimwache peke yake njiani. Mungu awabariki nyote.