OKESTRA YA WATU WENGI NA FAIDA YAKE KWA MASASI NA NEWALA

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Twataka kusema machache juu ya jambo ambalo wengine hudhani ni mchezo tu, nalo ni muziki upigwao na watu wengi kwa pamoja, yaani okestra. Twaomba mtusikilize kwa subira, maana habari tutakayoanza nayo ni ya aibu yetu wenyewe.

Mtakumbuka ya kuwa tulichanga fedha, tukanunua tarumbeta na fidla. Mwenzetu aliyejua kusoma noti akatufundisha kila Jumamosi. Kisha ikaja barua ya uhamisho, akaenda zake. Na wengine wakafuata, mmoja mmoja. Leo vyombo vile vimo kabatini, nyuzi zimekatika. Fedha ile ilikuwa ya jasho, na wengi wenu mwauliza kama ni haki kuombwa mchango wa pili. Swali hilo lapasa kujibiwa.

Tutazame kwanza wenzetu wa Unguja. Mwaka 1905 vijana wa mji walianzisha chama cha taarabu kiitwacho Ikhwani Safaa. Humo mna udi, kanuni, nai, fidla na ngoma, na kila chombo chamsubiri mwenziwe. Muziki huo hupigwa kwenye harusi na sikukuu. Utawala wa Sultani uliondoka mwaka 1964, lakini chama kimesalia hata leo, zaidi ya miaka 100. Kwa nini? Kwa sababu kina mizizi katika mji wenyewe. Mzee akichoka, kijana wa mtaa huo huo huketi mahali pake.

Pili, tukumbuke beni. Ngoma hiyo ilianza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ikaenea Tanganyika pamoja na askari na wapagazi wa vita vya 1914 hata 1918. Marini na Arinoti walishindana kwa tarumbeta, ngoma na mavazi, lakini pia walisaidiana katika ugonjwa na kuzikana. Makarani waliotutangulia walikuwamo. Basi asiseme mtu ya kuwa kupiga muziki ni kujishushia heshima ya kazi.

Tatu, habari za Kinshasa katika Kongo. Mwaka 1994 Armand Diangienda, aliyekuwa rubani wa ndege na kupoteza kazi yake, alianzisha okestra ya simfoni pamoja na waumini wa kanisa la Kimbangu. Fidla zilikuwa chache, wakapokezana. Uzi ukikatika, walitia waya wa breki ya baiskeli. Wengi walikuwa watu wa kazi za kila siku, wakijifunza jioni baada ya kutoka kazini. Nao walifika kupiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven. Sisi twaliacha vyombo vyetu kabatini kwa sababu ya nyuzi.

Mtu atasema: hayo ni ya miji mikubwa. Lakini, Ndugu, okestra twaijua tangu utotoni. Katika sindimba ngoma ndogo hushika mwendo, kubwa hutoa maneno, na mchezaji hujibu kwa miguu. Hapana anayepiga apendavyo. Akikosea mmoja, wote husikia. Wazee wa ngoma hawasomi noti, lakini kusikilizana wakujua kuliko sisi. Nasi tulipoanza bendi yetu hatukumwita hata mmoja wao. Tuliwaweka viti vya mbele, tukawapa chai, tukawaita wageni katika nchi yao.

Tena atasema mwingine: mna haja gani na fidla, hali mambo ya lazima ni mengi? Twamjibu kwa heshima. Mama zetu wa Newala zamani walishuka mabondeni kuteka maji, wakapanda tena na mitungi kichwani. Na njiani waliimba. Wimbo haukupunguza uzito wa mtungi, bali uliwakusanya wawe kundi moja, asiachwe mtu nyuma. Kijana amalizaye skuli na kukosa kazi naye ahitaji kundi la kumshika asipotee.

Kwa hiyo twaleta mashauri manne. Vyombo viwe mali ya mji, chini ya wadhamini wenyeji, wala visiwe mali ya chama chetu. Kila chombo kiwe na wanafunzi wawili, ili mmoja akiondoka, muziki usiondoke naye. Wazee wa ngoma waitwe kuwa walimu. Na mchango usiombwe sasa, bali baada ya mauzo ya korosho, na hesabu yake isomwe hadharani.

Ndugu Wanachama, sisi watumishi ni watu wa barua. Leo tupo Masasi, kesho hatujui. Kosa letu la kwanza lilikuwa kujenga nyumba juu ya migongo ya wasafiri. Ikiwa mwakubali mashauri haya, kabati lifunguliwe Jumamosi ijayo, na kazi ya kwanza iwe kubadili nyuzi. Ikiwa mwakataa, basi na viuzwe, fedha irudi kwa wenyewe. Neno ni lenu.