Somo la Kiingereza kwa Watu Wazima: Neno "Boycott"

Fungua daftari yako, uandike neno la leo: boycott. Lina silabi mbili, boi na kot, na nguvu ya sauti huwekwa kwenye silabi ya kwanza. Mwishoni usitie irabu. Tena angalia vizuri herufi za t: ni mbili, wala si moja. Sababu yake utaiona hivi punde.

Maana yake ni kususia au kugomea. Yaani watu wanapatana wasinunue kwa mtu fulani, wasimwuzie, wasimfanyie kazi, au wasihudhurie shughuli yake, mpaka abadili mwenendo wake. Hawampigi wala hawamwibii. Wanajitenga naye tu.

Sasa tutazame asili yake. Neno hili lilikuwa jina la mtu. Charles Boycott alikuwa Mwingereza, aliyepata kuwa askari. Katika mwaka 1880 alikuwa msimamizi wa mashamba ya Lord Erne, karibu na ziwa Lough Mask, katika wilaya ya Mayo, nchi ya Ireland. Wakulima wa huko hawakuwa na ardhi yao wenyewe. Walilima ya mabwana na kulipa kodi. Mavuno yalikuwa yamekuwa mabaya, nao wakaomba wapunguziwe kodi kwa asilimia 25. Mwenye ardhi akakubali asilimia 10 tu. Walioshindwa kulipa wakaletewa hati za kufukuzwa.

Mwezi wa Septemba mwaka huo, kiongozi wao Charles Stewart Parnell alihutubia mkutano mjini Ennis. Aliwaambia kwamba mtu ye yote atakayechukua shamba la mwenzake aliyefukuzwa asiuawe, bali atengwe: asisemeshwe njiani, dukani wala sokoni. Watu wa Mayo wakaitumia shauri hiyo kwa Bwana Boycott. Vibarua wakaacha mashamba yake, watumishi wakaondoka nyumbani mwake, na wenye maduka wakakataa kumwuzia. Viazi vilikuwa tayari kuchimbwa, wala hapakuwa na mchimbaji. Mwezi wa Novemba wakaletwa watu 50 kutoka wilaya nyingine kuja kuvuna, wakilindwa na askari wengi mno. Yakadiriwa kuwa kazi hiyo iligharimu pauni 10,000, na mavuno yenyewe thamani yake ilikuwa kama pauni 500 tu. Bwana Boycott akaondoka Ireland na jamaa yake.

Mwandishi wa magazeti kutoka Marekani, James Redpath, alisimulia jinsi neno lilivyozaliwa. Alikuwa akizungumza na padri wa pale, John O'Malley, wakitafuta neno la kitendo kile. Neno la kitaalamu lilikuwapo, lakini padri aliona wakulima hawatalielewa. Basi akashauri watumie jina la Boycott mwenyewe. Kabla mwaka haujaisha magazeti ya London yalikuwa yakilitumia. Ndiyo sababu lina t mbili, kama jina lake lilivyoandikwa. Lakini leo twaliandika kwa herufi ndogo, kwa kuwa si jina la mtu tena.

Sasa matumizi. Neno hili laweza kuwa kitendo: "They boycotted the shop", yaani walilisusia duka lile. Laweza pia kuwa jina: "The boycott lasted 381 days", yaani kususia kule kulidumu siku 381. Mfano huu wa pili ni wa kweli. Katika mji wa Montgomery, Marekani, watu weusi walikataa kupanda mabasi yaliyowabagua, tangu Desemba 1955 hata Desemba 1956. Walitembea kwa miguu au kupeana nafasi katika magari, mpaka ubaguzi ule ukaondolewa kwa amri ya mahakama.

Tena mwezi wa Juni 1959, Julius Nyerere alisema katika mkutano mjini London wa kuwahimiza Waingereza wasinunue bidhaa za Afrika Kusini. Mwaka uliofuata chama kilichotokana na mkutano ule kikaitwa Anti-Apartheid Movement.

Jihadhari na makosa mawili. La kwanza, usichanganye boycott na strike. Mfanyakazi akiacha kazi ili adai mshahara, hiyo ni strike. Mnunuzi akikataa kununua, hiyo ni boycott. Ukiandika barua kwa mwajiri, au kumbukumbu za mkutano wa chama chako, kukosea hapo kwaweza kuwaletea watu shitaka la jambo wasilolifanya.

La pili, mtoto akisusa chakula kwa hasira, Kiswahili chasema amesusa, lakini kwa Kiingereza hiyo si boycott, ila kwa mzaha. Wahenga walisema, "Ukisusa, wenzio wala." Mtu mmoja akikataa viazi, sahani haitamngoja. Vibarua wa Mayo walishinda kwa sababu hapakubaki hata mmoja wa kula.

Kazi ya nyumbani: andika sentensi tatu za Kiingereza, mbili zenye boycott na moja yenye strike, kisha umweleze jirani yako tofauti yake. Akikuelewa, wewe umelijua somo. Kwaherini, mpaka juma lijalo.