Aibu ni ya Mdhalimu



Mwanamke akiingiliwa kwa nguvu, watu wetu huuliza kwanza: alikwenda wapi, alivaa nini? Mkosaji haulizwi neno. Kisha wazee hukaa barazani, hutolewa mbuzi, na jambo husemwa limekwisha. Je, hiyo ndiyo haki?

Zama za Mtume (S.A.W.), mwanamke mmoja alitoka kwenda kusali, akadhulumiwa hivyo njiani. Mtume hakumlaumu kwa kutoka kwake, wala hakumtia adhabuni. Alimwambia aende, Mwenyezi Mungu amemsamehe. Nayo Sura ya Nur yatuonya: amsingiziaye mwanamke mwenye kujihifadhi, pasipo mashahidi wanne, hupigwa mijeledi 80 na ushahidi wake haukubaliwi. Basi ndimi zetu na zichunge.

Tazameni pia kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa Taba, Rwanda. Ilipoanza kusikilizwa Arusha mwaka 1997, shtaka la ubakaji halikuwamo. Wanawake wakasimama wakasema, nalo likaongezwa. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ile ikahukumu kwamba ubakaji waweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Lau wangalinyamazishwa kwa aibu, hukumu hiyo isingalipatikana.

Kwa hiyo, binti akikujia na machozi, msikilize. Mpeleke hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, apate dawa. Kisha mfuatane polisi. Mbuzi hawafuti dhuluma.

Wabillahi tawfiq.